BMW M5 E39 ya mwaka 2000 nimeikuta Uingereza, nichukue au niache?

Mtanga_Leicester

Wakuu habari za humu. Naomba mnipe akili kabla sijatoa hela maana moyo ushaamua na moyo ndo tatizo lenyewe.

Niko Leicester, natembelea Toyota Auris haibridi, haina shida yoyote na haina raha yoyote pia. Tangu niko shule nilikuwa nazimia E39 (kizazi kimoja cha BMW 5 Series, M5 ndo ile yenye nguvu kuliko zote), zile 525i na 528i za maboss zilizokuwa zinapita mjini, M5 yenyewe nilikuwa naiona kwenye picha tu. Sasa kuna jamaa nje kidogo ya Nottingham anauza M5 E39, imesajiliwa Mei 2000 kwa hiyo ni ya kabla ya yale mabadiliko ya sura, taa za mbele hazina zile pete za mwanga. Rangi ni Carbon Black, kivulini nyeusi kabisa, ukiitoa juani unaona kumbe ni bluu. Maili 121,000, mmiliki wa nne, anataka paundi 16,900. Nimeangalia matangazo mengine, zilizotunzwa na zenye maili chache zinapita 25,000 bila aibu.

Faili la sevisi lipo na ni nene, klachi na flaiwili vimebadilishwa 2019, risiti kanitumia picha. Kinachonipa wasiwasi ni kwamba kwenye video aliyonirushia gari ikiwashwa asubuhi inapiga kelele kama dizeli halafu inatulia kiasi, nimemuuliza akanijibu hiyo ni VANOS bro zote ziko hivyo. Kweli zote ziko hivyo au nauziwa mbuzi kwenye gunia?

Mpango ni kuiendesha hapa miaka michache halafu nikirudi nyumbani Tanga nirudi nayo. Mke wangu kashasema gari ya kulala uani imefunikwa turubai hataki kuiona, kwa hiyo ikinunuliwa lazima itembee. Mwenye uzoefu atiririke, sio mambo ya "BMW ni pasua kichwa" halafu unasepa, hilo nalijua.

fundi_wa_Gerezani

Mkuu karibu. Nimezishika S62, yaani injini ya hiyo M5, kadhaa kwa hiyo nikupe ninachokijua, uvumilie ni refu.

Kwanza ujue unanunua nini. Hiyo injini ni V8 ya cc 4,941, farasi 400, toki (nguvu ya kuzungusha) Nm 500, na kila silinda ina throto yake yaani throto nane pale juu, ndo maana ukigusa mafuta inajibu papo hapo. Gia ni sita za mkono, basi. Kiwanda hakikutoa M5 E39 ya otomatiki hata moja. Nalisema hili kwa faida ya wengine pia kwa sababu hapa Dar nshaletewa "M5" za otomatiki, unafungua boneti unakuta 525i yenye injini ya silinda sita na beji ya M ya Kariakoo, na mwenyewe kalipia bei ya M5.

Sasa kelele. VANOS ni ule mfumo unaozungusha kemushafti (shafti inayofungua valvu) kidogo mbele au nyuma kulingana na mzunguko wa injini, na kwenye S62 upo kwenye kemushafti zote nne. Unatumia presha ya oili. Gari ikilala oili inashuka, asubuhi ukiwasha zile gia zake ndogo zinagongana kama punje za mahindi kwenye debe mpaka presha ipande. Sekunde chache ni kawaida, huyo jamaa hakudanganyi. Ila kama injini imeshapata moto vizuri na bado inagonga ukiwa umesimama kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, hapo vimelika na kuvifanyia kazi sio hela ya chai.

Halafu kuna kitu wauzaji huwa hawakitaji na ndo kikubwa kuliko VANOS, reli zinazoiongoza cheni ya taimingi. Zile reli zina plastiki, kwa umri huu na maili hizo inakauka inameguka vipande. Kuzibadilisha unavua mbele yote ya injini. Na beringi za konrodi (fimbo zinazoshika pistoni), S62 sio mbaya kama V10 ya M5 E60 iliyokuja baada yake, lakini kwa maili 121,000 mimi ningetaka kujua zimeguswa lini.

Utajuaje bila kufungua injini? Kichujio cha oili. Kwenye hii gari ni kile cha karatasi kinachokaa ndani ya kikombe chake, sio cha kopo. Mwambie muuzaji unataka kitolewe mbele yako na wewe utalipia oili na kichujio kipya. Kikate, kikunjue mkunjo kwa mkunjo, upige tochi. Ukikuta vipande vya plastiki vya kahawia, ni reli hizo. Ukikuta vumbi linalong'aa kama fedha au shaba shaba, beringi. Ukikuta oili nyeusi tu na uchafu laini, unaweza kuendelea na maongezi. Akikataa ofa ya kumwagiwa oili mpya bure, jibu ushalipata.

Oili yake ni 10W-60 na inaingia lita 6.5, usije ukasikiliza mtu akakuwekea nyepesi ya Toyota.

Kiambu_Bimmer

Niaje. Mimi niko upande wa Kenya na nakuonea wivu kiasi, kwa sababu sisi hata tukitaka hatuwezi, KEBS, shirika la viwango, hairuhusu gari ya zaidi ya miaka minane kuingia, kwa hivyo M5 E39 ya kutoka nje ilishapita kitambo sana. Zile chache ziko hapa ndizo hizo hizo zinazunguka kwa watu, na mwenye nayo anajua anayo, bei anakutajia huku anacheka.

Point moja tu nitaongeza ni matuta. Hii gari iko chini kuliko 525i ya kawaida, na bushi za mbele za hizo mikono ya aluminiamu zinakufa haraka barabara ikiwa mbovu, ukiziskia usukani unatetemeka ukipiga breki ukiwa speedi ya 80 hivi. Kwa barabara za Uingereza utakaa nazo. Za kwetu... wacha tu.

Dada_Brum

Mambo vipi Mtanga. Mimi ninayo M5 E39 hapa Birmingham, ya 2002, kwa hiyo naongea kama mtu anayeilipia.

Kabla hujaenda Nottingham, ingiza namba ya hiyo gari kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka), ni bure, utaona maili ilizosoma kila mwaka na kila kitu wakaguzi walichoandika. Usiangalie tu kama ilifaulu, soma yale maonyo madogo. Neno la kutafuta ni kutu. Kama wameandika kutu mwaka huu, mwaka jana na mwaka juzi na hakuna risiti ya kuchomelea popote kwenye faili, huyo mmiliki alikuwa anabadilisha oili na kupiga picha tu. Barabara za huku zinamwagiwa chumvi kila majira ya baridi, na watu wanaogopa injini ya hii gari wakati bodi ndo inaiua taratibu. Piga goti, angalia zile sehemu nne chini ya vizingiti ambapo jeki inakaa, zina vifuniko vya mpira, vitoe. Gusa kwa bisibisi. Halafu kingo za chini za milango, matao ya magurudumu ya nyuma, na buti pale juu ya namba ambapo taa zinakaa.

Kuhusu kodi ya barabara una bahati na pengine hujui. Gari zilizosajiliwa kabla ya tarehe 1 Machi 2001 zinalipa kwa ukubwa wa injini, zilizosajiliwa baada ya hapo zinalipa kwa moshi, na yangu ya 2002 iko kwenye kundi la juu. Yako ya Mei 2000 utalipa pungufu yangu kila mwaka kwa gari ile ile. Bima tafuta ya magari ya kale yenye maili za kikomo, na mkubaliane thamani ya gari kwa maandishi kabla, la sivyo ikigongwa watakulipa bei ya E39 ya kawaida utalia. Na kama unaingia London ingiza namba kwenye tovuti ya TfL (mamlaka ya usafiri ya London) uone kama inakubaliwa ULEZ, lile eneo linalotoza magari yenye moshi mchafu, usiamini neno la muuzaji.

Gharama ambazo hakuna anayezitaja ni tairi. Mbele ni 245/40 nyuma ni 275/35, rimu za 18, kwa hiyo huwezi kuzizungusha mbele nyuma zikaisha sawa. Farasi 400 zote ziko nyuma, hesabu mwenyewe. Mafuta kitabu kinasema karibu lita 14 kwa kilomita 100, mjini ongeza mpaka 20 na usiulize tena. Tanki ni lita 70, mimi siku hizi sijazi, naweka nusu ili nisiumie moyo kwa mara moja.

Lakini mkuu. Ile saa ya mzunguko wa injini, ukiwasha ya baridi kuna vitaa vya rangi ya machungwa pembeni mwa namba, vinakuzuia usipandishe juu, na oili inavyopata moto vinazimika kimoja kimoja kwenda juu mpaka inakuachia yote. Hapo unashusha gia ya tatu. Basi sina la kuongeza.

Mtanga_Leicester

Dada_Brum umenimaliza na hivyo vitaa. Nimeangalia MOT sasa hivi, maili zinapanda vizuri hazijarudi nyuma, ila 2021 kuna onyo la kutu kwenye kizingiti cha nyuma kushoto, 2022 halipo tena, 2023 halipo. Imetengenezwa au imepakwa rangi nyeusi juu?

Na vipi lile la kuipeleka Tanga, mbona wote mmelikwepa isipokuwa wa Kenya?

wakala_bandarini

Hatujalikwepa, tulikuwa tunakupa muda wa kukaa.

Tanzania haijakataza kwa umri kama Kenya, ila inakulipisha huo umri. Chukua thamani ya gari mpaka inafika bandarini tuseme ni 100. Ushuru wa forodha 25, umefika 125. Juu ya hiyo 125 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa sababu injini imezidi cc 2,000, na asilimia 30 nyingine kwa sababu gari imezidi miaka 10. Hizo mbili ni 50, umefika 175. Halafu VAT asilimia 18 ya yote hayo, 31.5. Jumla 206.5, na bado hatujagusa tozo ndogo ndogo, gharama za bandari na mimi mwenyewe wa kukutolea. Yaani kodi peke yake imezidi gari. Na usije na risiti yako ya mkononi ukasema nilinunua rahisi, TRA wana thamani zao.

Kuna mtu atakuja humu aseme anajua njia. Usimfuate.

Mzee_wa_Nürnberg

Vijana hamjambo. Huku Ujerumani hizi gari bado tunaziona, zimetengenezwa Dingolfing hapo Bavaria, na ukiwa Autobahn sehemu isiyo na kikomo unaelewa kwa nini walizifanya hivi. Limita inakata kwenye 250, ikiwa kwenye gia ya sita injini bado haijachoka. Abiria anaongea na wewe kwa sauti ya kawaida tu.

Watu wanalalamika kuhusu usukani wake, kwamba uko mzito mzito na hauambii kitu. Ni kweli kidogo, kwenye E39 za V8 hawakuweka reki ya usukani kama za silinda sita, V8 ilibanana pale mbele wakatumia boksi la mtindo wa zamani. Bonyeza kitufe cha Sport usukani unakaza na mafuta yanakuwa makali, mimi kwangu sitoi.

Wengine watakwambia chukua E34 M5, ile ya kabla ya E39, ambayo ni ya mwisho kuwa na silinda sita, ni kweli ni gari tamu sana lakini spea zake ndo zimekuwa tabu sasa. Huku E34 M5 zishafika miaka 30 zinapata ile namba ya H ya magari ya kihistoria, kodi inakuwa nafuu, kwa hiyo wenye nazo hawauzi. E39 M5 za kwanza ni za 1998, zitafika huko 2028, na mimi nadhani bei itapanda siku hiyo hiyo. Ukiipenda nunua mapema.

E55_hapa_hapa

Mnamtoa kijana jasho bure. Nunua Mercedes E55 AMG, W210. V8 ya lita 5.4, farasi 354, otomatiki, injini M113 ambayo ukibadilisha oili haikuombi kitu kingine, hakuna VANOS hakuna throto nane hakuna kukata vichujio kwa mkasi usiku. Bei karibu nusu. Unaenda nayo harusini unarudi.

fundi_wa_Gerezani

Injini nakubaliana na wewe asilimia zote, M113 ni chuma. Lakini mwambie na W210 inavyooza mkuu, mwambie pale spring ya mbele inapokaa panavyomeguka gari ikiwa inatembea. Injini itakuwa nzima imekaa chini.

E55_hapa_hapa

Hilo lipo. Ndo maana unanunua ambayo imeshachomelewa.

Dada_Brum

😂😂 haya sasa tuko sawa sote.

Mtanga, onyo la kutu kupotea bila risiti sio dalili nzuri wala mbaya, gonga. Chuma kizima kinalia, kilichojazwa putty kinatoa sauti ya kufa. Na kama kapaka ile lami nyeusi ya chini ya gari juzi juzi, harufu utaisikia.

Mtanga_Leicester

Nimeongea na jamaa. Kwenye kichujio kakubali, kasema hata yeye anataka kujua. Ila kaniambia nikifika Jumamosi saa nne gari itakuwa tayari inanguruma ananisubiri nje, ananirahisishia. Nimkubalie?

fundi_wa_Gerezani

HAPANA. Anaweza kuwa mstaarabu tu, sina ubaya naye, lakini gari ya namna hii unaiona ikiwa imelala. Mwambie usiku usiiwashe. Ukifika kabla ya kusalimiana sana weka kiganja kwenye boneti, ikiwa ya uvuguvugu ahirisha au ukanywe chai mpaka ipoe kabisa, saa nyingi sio nusu saa.

Halafu fungua lile tanki dogo la maji la plastiki IKIWA BARIDI, maji yawe safi na yasiwe na utando wa mafuta, na mwili wa tanki uangalie kwenye mishono kama kuna nyufa au ukoko mweupe. Hilo tanki na wota pampu na rejeta ni vya kubadilisha kwa umri, sio kwa kusubiri vife, V8 hii ikichemka mara moja umeagana na gasketi. Kisha swichi ya funguo ifungue bila kupiga stata, taa zote za ABS, DSC (ya kuzuia gari kuteleza) na breki ziwake, ukiwasha zizimike. Zikibaki zote tatu mara nyingi ni kile kiboksi cha ABS, kinatengenezeka lakini unakatia kwenye bei. Kama hata moja haiwaki kabisa mwanzoni, mtu kachomoa balbu.

Sasa piga stata, simama mbele, sikiliza na uhesabu. Endesha taratibu mpaka vile vitaa vya dada vizimike vyote, ndo ukanyage. Inatakiwa ivute moja kwa moja bila kujifikiria, ikisitasita katikati inaweza kuwa sensa za hewa, zipo mbili, au sensa za throto. Moshi wa bluu kidogo ukiachia mafuta kwenye mteremko usikutoe roho, hizi za mwanzo zinakula oili kuliko za baadaye, pete za pistoni zilibadilishwa humo humo 2000. Muulize anaongeza oili kila maili ngapi. Akikwambia haili kabisa, huyo hapimi.

Ukirudi iache isimame isailensi, usikilize tena. Kelele ya asubuhi ikiwa bado ipo, usimwambie kitu, andika tu.

Dada_Brum

Na umlipe fundi wa hizi M hapo jirani aitazame kwenye lifti, kuna wataalamu wa kujitegemea wengi Midlands, itakugharimu paundi mia kadhaa lakini ripoti yake unamsukumia muuzaji mezani.

Mtanga_Leicester

Nimerudi. Boneti ilikuwa baridi kama barafu, jamaa muungwana kweli. Kelele ilikwisha haraka na ikiwa ya moto imetulia kabisa, sikusikia kitu. Inavuta vibaya sana wakuu, kwenye gia ya tatu nilicheka peke yangu na jamaa kakaa pembeni ananiangalia. Kichujio tumekikata gereji kwake: vumbi linalong'aa hakuna, ila nimepata vipande viwili vitatu vidogo vya plastiki ngumu, rangi ya kahawia. Kizingiti cha kushoto kinatoa sauti ya kufa. Taa za ABS ziko sawa. Oili anasema anaongeza lita moja kila maili 1,200 hivi.

Namwambiaje bei?

fundi_wa_Gerezani

Oili iko vizuri kwa hiyo injini. Plastiki sio vizuri, hesabu reli za cheni kama kazi ya mwaka huu, usiseme mwaka kesho. Pata makadirio ya maandishi ya reli na ya kuchomelea kizingiti kutoka kwa huyo fundi wa M, yajumlishe, yatoe kwenye 16,900, toa na elfu moja nyingine kwa ajili ya usiyoyaona. Hiyo ndo ofa. Na beringi za konrodi zifanyike hapo hapo injini ikiwa wazi, kazi ni moja.

Mtanga_Leicester

Na la Tanga?

wakala_bandarini

Tanga njoo na Auris.